Sahani Iliyorudi Imefunikwa

Mama yangu hajawahi kuiona bahari. Anaishi juu kule Mgeta, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila hodi, na kutoka kwake hadi pwani ni safari ya siku moja ukiamka mapema, lakini hajawahi kwenda na wala hana mpango. Nilipomwambia kwa simu kwamba mimi na mwenzangu tunakwenda Pangani likizo, hakuuliza tunakwenda kufanya nini. Aliuliza kama tuna chupa. Alitaka maji ya chumvi ya kukandia magoti, na akasisitiza tuyachote mahali penye kina, tusimletee yale ya ukingoni yaliyokanyagwa na watu.

"Na huyo mwenzio mwangalie," akasema. "Watu wa ziwani wanadhani maji yote ni ya kwao."

Mwenzangu ni muuguzi, kwao ni upande wa Bukoba. Namwita mwenzangu kwa sababu sina neno jingine. Maneno ya kututaja yapo, ila karibu yote hurushwa kama mawe, kwa hiyo nyumbani kwetu hatuyatumii. Tumepanga nyumba mjini, upande wa Kilakala, ina vyumba viwili, na kile chumba cha pili kina kitanda tunachokitandika vizuri kila Jumamosi ingawa hakuna anayekilalia. Majirani wanatuita madada. Wanawake wawili wakikaa pamoja, watu huona wanasaidiana kodi, na wanaweza kuona hivyo kwa miaka mingi. Shida huanza mkishavuka umri fulani bila mume wala mtoto, na sisi tulikuwa tumeshauvuka.

Mwaka huo maneno juu ya watu kama sisi yalizidi. Jumapili padri aliyasema, Ijumaa shehe naye akayasema kwenye kipaza sauti, na katikati ya wiki yalijaa kwenye kundi la simu la walimu wa shule ninayofundisha, video moja baada ya nyingine, kila moja na kicheko chake. Siku moja mwalimu mwenzangu wa Hisabati, mtu mcheshi ambaye siwezi hata kusema ana roho mbaya, aliniuliza mbele ya chai na maandazi, "Mwalimu, mwenzetu huolewi, au na wewe ndio wale?" Chumba kizima kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikaenda kufundisha somo la mikondo ya bahari na nikachora mishale yote ya ramani kinyume ubaoni.

Ndiyo maana tulitaka kwenda. Tulitaka siku chache tu za kuwa mahali ambapo hakuna anayejua tunakoishi.

Kabla sijaisimulia safari yenyewe, niseme jambo moja kuhusu mama, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mwenzangu hana mama. Mama huyo yupo hai, lakini alimfukuza binti yake siku kaka mtu alipoyafichua mambo yake, na tangu hapo hajapokea simu yake hata sikukuu. Nilipompeleka mwenzangu Mgeta mara ya kwanza, nikimtambulisha kama rafiki ninayepanga naye, mama alimtazama kidogo, akamwambia amekonda, akamsogezea mkeka. Walikula ugali na maharage sahani moja, mikono ikigongana kwenye mboga. Tangu siku hiyo alikuwa mwanangu huku, mwanangu kule. Alimtuma kuni, alimgombeza kwa kumenya njegere kivivu, alimsuka nywele akimvuta mpaka machozi. Mwenzangu alikuwa akishuka mlimani na kabichi mgongoni na furaha ambayo mimi sikuwahi kumpa. Wakati mwingine niliona wivu, nikajicheka.

Pangani tulifika jua likiwa kali. Nyumba ya wageni ilikuwa ufukweni kabisa, vibanda vya makuti kwa juu na sementi kwa chini. Kijana wa mapokezi alitutazama, akatazama mabegi yetu, akauliza, "Nyie ni ndugu?"

"Ndugu," nikajibu haraka kuliko nilivyoulizwa.

Akatupa chumba cha vitanda viwili. Kila jioni tulivisogeza, na kila asubuhi kabla dada wa usafi hajabisha hodi tulivitenganisha. Tulijifunza kuvinyanyua, mmoja huku mmoja kule, kwa sababu siku ya kwanza tulivikokota vikaacha michirizi kwenye sakafu, na mwenzangu alitumia nusu saa kuisugua kwa dawa ya meno. Tulicheka sana siku ile. Sasa nikikumbuka naona hasira tu. Watu wazima wawili, mmoja anawachoma watu sindano na mwingine anawafundisha watoto wa watu, tunapiga magoti kusugua sakafu kama wezi wanaofuta nyayo.

Kibanda cha jirani walikaa wanawake wawili wa Kizungu, wenye mvi. Walikuwa wameoana. Hatukuhitaji kuchunguza, walitwambia wenyewe wakati wa chai ya asubuhi, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku mmoja akimpakia mwenzake siagi kwenye mkate. Walisema wamesafiri pwani nyingi za jua, kila mwaka moja. Wahudumu walikuwa wamewatandikia kitanda kimoja kikubwa na kuwamwagia maua juu ya shuka. Niliwauliza wahudumu kuhusu hayo maua, nikijifanya mshamba. "Wazungu hao," akasema mmoja, akicheka, "wana mambo yao." Basi. Mambo yao. Mambo yale yale ambayo yangenifukuzisha mimi kazi na kunipeleka mahakamani, kwao yalikuwa ya kumwagiwa asumini. Nilishindwa kuwachukia, maana walikuwa watu wema. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Bahari yenyewe ilitupenda. Mwenzangu aliogelea mbali mpaka nikaanza kupiga kelele, kisha akarudi akiwa ameshika chupa ya mama imejaa, maji ya kina kama alivyoagiza. Nikamkimbilia kuipokea, nikakanyaga mdudu wa baharini, yule mweusi mwenye miiba mingi. Nilipiga ukelele wa aibu. Mhudumu mmoja alikata papai bichi akaleta utomvu wake, maana watu wa pwani husema unaitoa ile miiba. Mwenzangu akaketi mchangani, akaupakata mguu wangu, akawa anapaka utomvu na kupuliza kila mwiba kama mtu anayepuliza moto wa asubuhi. Mimi nilikuwa nimemshika shingoni kwa nyuma. Sikujua nimemshika. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, mahali ambapo kila siku huenda nyumbani.

Mmoja wa wale wanawake aliokota simu yangu juu ya kiti, akatupiga picha. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya upendo na ya juu, kwamba tunapendeza sana, na je, tumekuwa pamoja muda gani?

Mhudumu wa papai alikuwa bado amesimama pale na kisu mkononi. Alielewa. Niliona jinsi alivyoelewa. Alichukua maganda yake akaondoka, na jioni hakuna aliyekuja kutuuliza tutakula nini, na asubuhi yule dada wa usafi alisimama mlangoni akaacha mashuka juu ya kizingiti bila kuingia. Tuliondoka siku hiyo hiyo, kabla ya siku yetu. Mama wa Kizungu alitukimbilia hadi langoni, macho yamemwiva, akiuliza kama amekosea. Nilimwambia hapana. Angeelewa nini? Yeye akikosea pwani moja, huenda nyingine.

Ile picha nilipaswa kuifuta ndani ya basi. Niliifungua, kidole kikawa juu ya kitufe. Lakini katika miaka yote tuliyokaa pamoja hatukuwa na picha hata moja ya hivyo. Zote tumesimama wima bega kwa bega, kama watu waliopigwa kwenye semina. Nikairudisha mfukoni.

Wiki iliyofuata tulipanda Mgeta kupeleka maji. Mama aliyafungua, akayanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaridhika. Kisha akataka kuona bahari yenyewe. Nikampa simu, nikamwonyesha namna ya kusukuma picha kwa kidole, nikaenda kuwapa mbuzi majani. Ndiyo, nilisahau. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli nilisahau.

Niliporudi, mwenzangu alikuwa ameganda kwenye mkeka. Mama alikuwa anaitazama ile picha. Aliitazama muda mrefu, ameisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wasio na miwani. Kisha akaiweka simu chini, kifudifudi, taratibu.

"Bahari ni kubwa," akasema, akatoka nje.

Maharage yalikuwa tayari yanachemka jikoni, lakini tulisikia kuku akikurupushwa. Tukakaa. Niliwaza kwamba anatafuta kitu cha kufanya ili asitutazame usoni. Jua likaegemea mlima, ukungu ukaanza kuingia, na mama akaingia na chakula. Alikuwa amejitanda kanga kichwani hadi kwenye paji la uso. Hakukaa mkekani. Alileta kiti, kile kiti kimoja cha mbao chenye mgongo, akakiweka upande wa pili wa chumba, akaweka stuli mbele yake, na juu ya stuli sahani iliyofunikwa kwa kawa. Akaniambia mimi, akitazama ukuta, "Mwambie mgeni chakula hiki hapa."

Mgeni. Mwenzangu alikuwa amesimama karibu yake kabisa, na mama akaongea na mimi.

Mimi na mama tulikula ugali na maharage jikoni, kwenye sinia letu, yeye akinipa mgongo nusu. Mwenzangu alikaa kwenye kile kiti peke yake sebuleni, mikono mapajani, na hakuigusa ile sahani. Alipoileta jikoni, mama alijibanza pembeni asigusane naye, akaipokea kwa kuinyoosha mikono mbali. Kawa lilikuwa bado juu.

Asubuhi hakutoka kutuaga. Tulisikia anakohoa nyuma ya nyumba.

Tuliteremka kwa mguu hadi kwenye gari. Mwenzangu alisema tu tulipofika barabarani. "Nimefukuzwa na mama wawili sasa," akasema. "Wa kwanza alinitukana, angalau. Huyu ameninyamazia, amenitenga na chombo kama mwenye kifua kikuu." Nikamwambia atapoa. Akaniuliza kwa nini sikusimama, kwa nini nilikula kwenye lile sinia. Nikajibu vibaya. Naye akajibu vibaya zaidi. Nyumbani Kilakala ndipo kitanda cha chumba cha pili kilipopata wa kukilalia, na mwisho wa mwezi mwenzangu aliniambia ameomba uhamisho kwenda kufanya kazi kanda ya ziwa. Alisema afadhali akachukiwe mahali anapoijua lugha.

Nilipanda Mgeta peke yangu kwa hasira ya wazi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nilitaka kumwambia mama kwamba akimkataa yeye amenikataa mimi, na shamba lake la urithi, ambalo kwetu hupita kwa wanawake, ampe dada yangu lote.

Nilimkuta nje juu ya mkeka anamenya njegere, na dada yangu kando yake. Nikaamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akanisogezea lundo langu la njegere. Kabla sijafungua mdomo, tukasikia mume wa dada yangu anapiga hodi njiani, amebeba kabichi begani. Ni shemeji tuliyemzoea, alihamia kwetu zamani kama wanaume wengi wa huku wafanyavyo, na ndiye aliyemwezekea mama bati. Mwaka alipolazwa, mama alishinda na rozari siku nzima kwa ajili yake. Mama kusikia ile sauti, akainuka. Akavuta kanga ikafika kwenye paji la uso, akapita nyuma ya jiko, na kutoka kule akamwambia dada yangu, akimtaja shemeji kwa jina la heshima, "Mwambie baba chakula chake kipo."

Dada akatoa kile kiti chenye mgongo. Akaweka stuli. Akaleta sahani iliyofunikwa kwa kawa. Shemeji akalifunua, na juu ya ugali na maharage yalikuwepo mayai mawili ya kuchemsha, ambayo sisi wengine huwa hatuwekewi.

Niliacha kumenya. Nimelelewa ndani ya desturi hii. Mama mkwe hali na mkwewe sahani moja, hamtazami usoni, hamgusi, hupisha njia, humsemesha kupitia mtu mwingine, na anachomwandalia humwandalia kando na kwa kufunika. Siku hizi wengi wameilegeza, wa mjini wamekwisha kuiacha, ila mama yangu hajailegeza hata kidogo. Nimeiona mamia ya mara. Na siku ile sebuleni niliiona yote, kuanzia kanga hadi kiti, na sikuitambua, kwa sababu haijawahi kunipitia akilini, hata ndotoni, kwamba katika maisha yangu mama anaweza kuwa na mkwe kutoka kwangu.

Nilimfuata nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholala.

"Mama, siku ile ulimchinja kuku gani?"

"Jogoo wangu wa mbegu."

"Ulimchinjia nani?"

"Unaniuliza kitu unachokijua."

"Sikujua, mama. Haki ya Mungu sikujua."

"Basi shule ulikwenda kufanya nini?" Aling'oa uzi kwenye pindo la kanga. Kisha sauti ikashuka. "Nilimwekea na firigisi. Hata kaka yako angekuwepo, yeye nisingempa. Akairudisha sahani ilivyotoka. Hata kawa hakuinua." Nikaona kidevu chake kinatikisika, na nilikuwa sijakiona kikitikisika tangu tumzike baba. "Kama hanitaki, hanitaki. Sikuwa na la kufanya zaidi."

Nikamwambia kwamba mwenzangu alidhani ametengwa. Nikamwambia kuhusu uhamisho. Mama alisikiliza, kisha akakasirika, ile hasira yake ya kawaida niliyoizoea.

"Usinisikie ukadhani nimefurahi," akasema. "Sijafurahi. Padri asijue, mjomba wako asijue, na dada yako mdomo wake unaujua. Mimi usiku naomba, na sijui hata niombe nini. Lakini picha nimeiona. Mtu anayekushika mguu vile si rafiki wa kupanga naye chumba. Nikishajua, ningekula naye vipi sahani moja? Ningemsuka vipi? Ningekuwa mama gani asiye na haya?"

Mtandao kwa mama hupatikana mahali pamoja tu, kwenye jiwe karibu na banda la mbuzi. Mama alinifuata, akasimama hatua chache nyuma yangu, akijifanya anawatazama mbuzi. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje kwa sababu bila hivyo simu yangu haisikiki. Mwenzangu alipokea akiwa kazini.

"Siku ile," nikamwambia, "ulifunua sahani?"

"Sikufunua. Kwa nini?"

"Kulikuwa na firigisi."

Hakuna mtu katika nchi hii asiyejua firigisi huwekewa nani. Nikamweleza mengine, kanga, kiti, kule kupisha, nikimsimulia kama ninavyowasimulia wanafunzi, hatua kwa hatua. Kwa mbali nilisikia kitoroli cha dawa kikipita huko wodini. Nilidhani atacheka au atalia. Aliuliza swali.

"Kwa hiyo hatanisuka tena?"

"Hapana."

"Wala kula naye?"

"Wala kula naye. Maisha yote."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nilitaka kumwambia kwamba ni heshima, kwamba ni kubwa kuliko yote tuliyowahi kupewa na mtu yeyote, na yote hayo ni kweli. Lakini nilikuwa namwona akishuka mlima na kabichi mgongoni, nikayaacha. Nilijua amepata nini na amenyang'anywa nini, na aliyempa ndiye aliyemnyang'anya.

"Yuko hapo?" akauliza.

"Yupo nyuma yangu."

"Mwambie shikamoo," akasema mwenzangu, kisha akaanza upya. "Mwambie shikamoo. Mwambie nilikula, nikashiba."

Sikuwa na haja ya kumwambia, sauti ilikuwa imefika yenyewe hadi kwenye banda. Niligeuka. Pale palikuwa na mimi, mbuzi na simu tu, lakini mama alikuwa ameshaipa simu mgongo, na mikono yake miwili ilikuwa inavuta kanga kufunika kichwa.